Mchoraji Aliyechukia Pozi

Nilitoka Bulwa asubuhi, maji ya mvua yakiwa bado kwenye majani ya chai, nikiwa na begi la nguo, viatu vya mpira miguuni na kamera niliyoinunua Muheza kwa mtu aliyekuwa akihama. Miaka miwili nilichuma chai, kisha nikahamishiwa kiwandani kulisha jiko kuni, kisha nikachoka, kama nilivyochoka Kilosa, na Babati, na kila mahali nilipowahi kutandika kitanda. Nilitembea hadi Amani, nikalala kwa mlinzi mmoja niliyefahamiana naye, na kesho yake nikapata gari la mbao hadi Muheza. Kutoka hapo nikadandia hiki na kile hadi Mombo. Mombo nilikaa siku mbili nikila mihogo ya kukaanga na kuutazama mlima ulivyosimama nyuma ya maduka kama ukuta. Siku ya tatu nikamwomba dereva wa Fuso lililokuwa linapandisha matenga matupu kwenda kupakia kabichi.

Nilipanda nimekaa katikati ya matenga hayo, yananuka kabichi iliyooza, kila kona yananiangukia. Tulipofika Soni dereva alisimama kupoza injini, akaniuliza, "Unakwenda kwa nani Lushoto?"

"Sina mtu."

"Basi wewe utakaa," akasema. "Wenye watu ndio wanaoondoka haraka."

Nilikaa miaka kumi na mmoja.

Mtu ninayemwandika hakupenda kuulizwa alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, na mimi sitamtafutia ukoo leo. Mji mzima ulimwita Mchoraji. Jina lake lipo pembeni mwa picha zake, anayelitaka akalisome huko. Siandiki kumsifu, ingawa mengine nitakayosema yatasikika kama sifa, kwa sababu ni ya kweli. Naandika kwa kuwa nina hasira naye, na nimehama wilaya nne tangu wakati ule nikidhani hasira hii itabaki nyuma kwenye chumba fulani cha kupanga. Haibaki.

Tulikutana sokoni, siku ya Alhamisi. Nilikuwa nimetundika pazia langu, limechorwa maporomoko ya maji na ndege wawili, na mbele yake kiti. Watu walikuja wamevaa vizuri, wakakaa, mikono magotini, macho kwenye kamera, mdomo umefungwa. Hivyo ndivyo mtu wa huku anavyopigwa picha. Siku hiyo nilikuwa na mume na mke kutoka upande wa Magamba. Nilipomaliza kuwapiga, mume aliinama kutafuta ndala aliyoificha chini ya kiti ili isionekane, na mke akampiga mgongoni kwa mkoba, "Nilikwambia uvae viatu!" Nyuma yangu sauti ikafoka, "Sasa! Piga sasa, mjinga wewe!" Kidole changu kikabonyeza kabla sijajua ni nani aliyenitukana.

Niligeuka nikamwona mzee mrefu, shati limejaa rangi, kitana kimechomoza mfukoni. Hakutazama wale watu, alitazama kamera yangu.

"Ile ya kwanza umepiga nguo," akasema. "Hii ya pili umepiga ndoa."

Wiki iliyofuata nilikuwa nimehamia kwake.

Alifanyia kazi kwenye ghala la zamani la mboga, juu kidogo ya mji, bati moja la paa limetolewa na kuwekwa la plastiki ili mwanga ushuke. Yeye aliliita studio, sisi wengine tuliliita ghala. Kazi yangu ilikuwa kuwapiga watu wa mle ndani picha za kuvizia, asubuhi hadi jioni, wakifanya lolote wanalofanya. Jioni alichomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta yake, akapitisha picha moja moja akinywa chai ya tangawizi kali hadi machozi yanamtoka, akachagua moja katika mia, akaichora. Zilizobaki alizihifadhi humo humo. Alisema ni akiba yake ya uzeeni.

Sharti lilikuwa moja tu: mtu asijiandae. Ukijifunga kilemba vizuri kwa sababu umeiona kamera, anakuzomea. Ukikunjua mgongo, anakwambia toka nje urudi ukiwa mtu. "Mtu akijua anatazamwa," alikuwa akisema, "anaondoka anakuachia shati lake. Mimi sichori mashati." Alisema hivyo mara nyingi mno, hata Mzee Hoza akawa anamalizia sentensi kwa ajili yake.

Mzee Hoza alikuwa mstaafu wa idara ya misitu. Alikuja kila siku kucheza drafti kwa vizibo vya soda, na kila siku alishinda mchezo mmoja, akalala kwenye benchi. Mwingine wa kila siku alikuwa Mama Eliza. Huyu ndiye aliyekuwa akichekecha udongo. Mchoraji hakuamini rangi za kopo. Alitumia udongo mwekundu wa kwenye kingo za barabara, ule wa manjano wa kando ya mto, majivu na masizi, vyote vikapondwa, vikachekechwa mara tatu na kuchanganywa na gundi. Yeye hakuujua udongo. Mama Eliza ndiye aliyejua ni ukingo upi una udongo usiopauka, na ni mwezi gani usichimbe. Alikuwepo ghalani kabla yangu, na kwa hesabu ya picha alikuwepo kuliko sote. Ninaamini nilimpiga zaidi ya mtu yeyote niliyewahi kumpiga maishani.

"Wewe kijana huna adabu," aliniambia siku moja. "Umenipiga nikipiga chafya."

"Afadhali wewe chafya," Mzee Hoza akadakia kutoka kwenye benchi. "Mimi kanipiga nimelala mdomo wazi, nzi anaingia anatoka kama mpangaji."

"Huyo nzi ndiye nitakayemchora kwanza," Mchoraji akasema. "Yeye peke yake hakukaa pozi."

Tulicheka hadi chai ikamwagika. Kulikuwa na raha mle ndani. Ningesema hapakuwa na raha, hasira yangu ingekuwa nyepesi zaidi, ila ningekuwa mwongo.

Na alinifundisha. Shuleni niliishia kidato cha nne, na hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kutazama. Yeye alinifundisha. "Achana na uso," alisema, "uso wanaufundisha wenyewe tangu utotoni. Tazama viwiko. Tazama mtu anavyosimama akisubiri sufuria ichemke." Hadi leo nikiingia mahali natazama viwiko vya watu, na nikifanya hivyo namkumbuka, na nikimkumbuka nakasirika. Kitu kizuri alichonipa kimeshikana na kile kingine, siwezi kuvitenganisha.

Alikuwa mkarimu kwa mtindo wake wa kuudhi. Akipata chakula kizuri alituita wote, halafu akatukosoa tunavyokula. Aliwahi kumvulia Mzee Hoza koti lake la baridi mwezi wa Julai, akatetemeka wiki nzima, akikataa kusema ni kwa sababu ya koti. Na yeye aliyesema heshima zote za mbele ya kamera ni uongo, hakusamehe shikamoo hata moja. Ukiingia ghalani ukasema "habari za asubuhi", hata kama umri wenu umekaribiana, alikugeuzia mgongo mpaka jioni. Siku moja Mama Eliza alimwamkia kwa Kishambaa, "Onga maundo," kama alivyowaamkia watu wote, na Mchoraji akasubiri, brashi imesimama hewani, mpaka mama wa watu akaongeza shikamoo. Mle ndani hakukuwa na kioo hata kimoja, alivipiga marufuku. Lakini kitana hakikuondoka mfukoni, na niliwahi kumwona akijitazama kwenye kioo cha simu iliyozimwa, akipitisha kitana taratibu kama bwana harusi.

Kuna habari ya kwaya. Wanakwaya wa usharika mmoja walimwomba amruhusu mpigapicha wake awapige picha ya kuweka kwenye kanda yao ya nyimbo. Akakubali haraka, na mimi nilipaswa kushtuka hapo. Walikuja wamevaa sare, wakajipanga kwa urefu uwanjani, mwalimu wao akipita kurekebisha kola moja moja. Mchoraji akanishika mkono. "Bado," akanong'ona. Akaninyima ruhusa robo saa nzima, akitazama wingu linalokuja kutoka msituni. Mvua ilipowapiga, wakatawanyika wakipiga kelele, sketi zimeshikwa juu ya magoti, mwalimu wao amejifunika kichwa kwa kitabu cha nyimbo. "Sasa," akasema. Nikapiga. Nawaambia ukweli, nilipiga kwa furaha.

Picha waliyoitaka hawakuipata. Ile ya mvua aliichora kubwa, ikatundikwa ukumbini kwenye hoteli moja ya pale mjini, na wanakwaya wakaenda kwa zamu kujitazama walivyokimbia. Mwalimu wa kwaya alikuja ghalani, hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee, sisi tulikuomba kitu kidogo sana." Mchoraji alijibu, "Nami nimewapa kikubwa." Hawakusalimiana hadi Pasaka. Ningekuwa na akili, ningeelewa pale pale ni mtu wa namna gani. Nilidhani ni utani.

Mama Eliza alitaka kitu hicho hicho kidogo. Kila Jumapili ya pili ya mwezi alipitia ghalani akitoka kanisani, na kila alipopita aliuliza, "Mpigapicha, leo?" Na Mchoraji alijibu kabla yangu. "Hapa hapapigwi picha za pasipoti. Nenda kavue hayo, urudi na kanga yako ya vumbi." Mama alicheka, akavua viatu vyake vya kanisani mlangoni, akaenda nyumbani. Mara nyingine alirudi na kanga ya vumbi kweli. Nilimpiga hivyo.

Halafu Mchoraji alisafiri kwenda Tanga kununua turubai za kuchorea. Ilikuwa Jumapili. Mama Eliza alichungulia mlangoni.

"Hayupo?"

"Hayupo."

"Basi nyanyuka upesi. Leo ni leo."

Alikwenda mwenyewe nyuma ya ghala, kwenye ukuta wa mawe. Alikuwa na gauni la bluu lenye kola nyeupe, kilemba cha bluu, mkoba mweusi, viatu vyeusi vya kisigino. Ardhi ilikuwa imelowa, visigino vikazama, akaonekana mfupi. Akashuka, akatafuta jiwe bapa, akaliweka, akapanda juu yake. Sasa akawa sawa. Alikuwa na pengo la meno mawili mbele, kwa hiyo akafunga mdomo na kuubana kidogo.

"Kidevu?"

"Inua kidogo, mama. Hapo hapo."

Nikapiga moja. Nikataka ya pili, akakataa. "Moja inatosha, nimesimama vizuri. Hiyo ndiyo nitakayobebewa."

Kwa asiyejua desturi yetu: jeneza likitoka nyumbani kwenda kaburini, mbele yake hutangulia mtu amebeba msalaba na mwingine amebeba picha ya marehemu, kubwa, iliyowekewa fremu. Njia nzima watu wanaiona hiyo picha. Ni mara ya mwisho unapita mbele ya majirani zako, na unapita hivyo ulivyo kwenye picha.

"Mama, una haraka gani?" nikamwambia.

"Sina haraka. Nina mpango."

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuiacha picha kwenye kadi. Mchoraji alirudi Jumanne, akachomeka kadi kama kawaida, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake na kikombe. Ilipotokea kwenye kompyuta alisogeza kiti karibu. Mama Eliza alitutazama sote wawili kutoka pale ukutani, kidevu juu. Mchoraji akabonyeza mara mbili, ikatoweka.

"Nimekutolea uchafu," akasema, na kuendelea na inayofuata.

Sikusema kitu. Hilo ndilo kosa la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Nilikuwa mtu mzima, nina ndevu, na nilikunywa chai yangu.

Tangu siku hiyo Mama Eliza alianza kuniuliza picha yake. Nikamwambia bado iko Tanga kwa watu wa kusafisha. Mwezi uliofuata nikasema mashine yao imeharibika. Ningeweza kumpiga nyingine, najua mnavyofikiri. Lakini kumwomba asimame tena ilikuwa ni kumwambia ya kwanza imefutwa, na imefutwa na nani, na mimi nilikuwa nimesimama wapi. Kila nilipojiandaa kumwambia, alikuwa anachekecha udongo na kuimba, nami nikampiga akichekecha. Uongo wangu ulidumu mwaka na zaidi.

Alikufa kwenye miezi ya baridi, kifua, siku tatu tu. Sisemi ni lile vumbi la udongo. Daktari hakusema ni vumbi. Nasema tu kwamba nina picha nyingi sana kichwani mwangu, na katika nyingi anakohoa.

Binti yake, Eliza, alikuwa anafanya kazi kiwanda cha chai kule kule Bulwa nilikotoka mimi. Alifika siku ya pili jioni, amesafiri bila kula. Alitoka msibani akaja ghalani, akatuamkia wote, akaniambia, "Kaka, mama aliniambia kwenye simu kwamba ulimpiga picha nzuri. Ya kubebewa. Alisema iko Tanga."

Mzee Hoza akanitazama. Mchoraji akatazama brashi zake.

Nikasema, "Imepotea." Hata hapo. Hata mbele ya yule binti, mama yake amelala ndani ya nyumba, sikuweza kusema neno imefutwa.

"Basi tutafute nyingine," Eliza akasema. "Si mnazo nyingi?"

Tulizipitia zote kwenye kompyuta, mimi, yeye na Mzee Hoza. Mama yake ameinama. Mama yake amepiga miayo. Mama yake mgongo. Mama yake anakuna ubavu, anamfokea mtu, anafuta kamasi kwa pembe ya kanga, analamba kidole kuonja udongo. Moja tu ndiyo uso ulionekana wote: anacheka, mdomo wazi, pengo lote nje, nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi, chekecheo limeinuliwa juu.

"Hiyo," Mchoraji akasema kutoka nyuma yetu. Nadhani kwa kweli alikuwa na uchungu. "Hiyo ndiyo yeye, mwanangu. Mbebeni hiyo."

Eliza aligeuka taratibu. "Baba, mama yangu ana gauni la kanisani. Huko nyumbani tumemvalisha gauni la kanisani. Nimtangulize na kanga ya vumbi, ameachama, mbele ya mchungaji na wakwe zake?"

"Watu watamtambua."

"Watamtambua kama walivyomzoea akikufanyia kazi," Eliza akasema. "Mimi nataka wamwone yeye."

Mchoraji akarudi kwenye turubai yake.

Tulimbeba kwa picha ya kadi ya kupigia kura. Duka moja la pale mjini liliikuza mpaka ikawa kijivu, madoa matupu, macho yamemtoka kama mtu aliyekamatwa usiku wa manane kituoni. Mzee Hoza ndiye aliyeibeba, na nilimwona njia nzima akiielekeza kidogo kifuani mwake, ili watu waone fremu zaidi.

Pale kaburini Mchoraji alilia kuliko wanaume wote. Alilia kwa sauti, mabega yakitingishika, sikumshuku hata kidogo. Eliza alipoinama na udongo mkononi, akashindwa kuuachia, akabaki vile ameinama, nilihisi kiwiko kikinigusa ubavuni. Mchoraji, machozi yanamwagika, ananionyesha kwa kidevu. "Piga," akanong'ona. "Mikono. Piga."

Niliivua kamera shingoni nikaishusha chini kwenye nyasi. Hicho ndicho kitu pekee ninachojisifia katika habari hii yote, na ni kidogo.

Alichora ile picha ya chekecheo. Alifunga mlango wiki sita, akaichekechea udongo yeye mwenyewe, vibaya, chembe zinaonekana. Ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Mama Eliza yupo mle ndani mzima, unamsikia. Wageni walikuja kutoka Dar kuitazama na kuichukua. Na mimi nasema hivi: uzuri wake hauhusiani na deni la yule mama. Angeweza kuchora hivyo, na ile ya gauni la bluu ikabaki. Zote mbili zingekuwepo. Alifuta moja kwa kidole kwa sababu haikumfaa yeye.

Nilihama ghalani, nikarudi sokoni na pazia langu. Karibu miaka miwili nilipiga watu wamekaa vizuri, kola zimenyooka, nikawasubiri wajiandae kadiri wanavyotaka. Wengine walichukua nusu saa. Nilisubiri.

Siku ile niliyoondoka ilikuwa Alhamisi pia. Nilimwona akija katikati ya wauza karoti, amevaa koti jeusi na tai, amechana nywele kwa maji, Mzee Hoza nyuma yake amembebea kofia. Alikuwa amekonda. Soko zima lilimtazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una nafasi?"

"Ya nini?"

"Picha." Akagusa tai. "Yangu. Daktari wa Moshi anasema moyo umechoka. Sitaki nije nibebwe kama..."

"Kama nani?"

"Unajua."

"Sijui. Nataka uliseme."

Mzee Hoza akasema, "Jamani, mpige mwenzio, watu wanatazama."

"Kama Mama Eliza," Mchoraji akasema.

Kwa hiyo alikuwa ameelewa. Miaka yote hiyo nilijifariji kwamba hakuelewa, kwamba msanii ana upofu wake. Alikuwa ameelewa vizuri kabisa, na somo lote alilolipata pale kaburini alilihifadhi kwa ajili ya matumizi yake mwenyewe.

Nikamwonyesha kiti. Alikaa. Nikamwambia ainue kidevu, akainua. Mikono magotini, akaiweka. Funga mdomo, akafunga. Alikaa kama kila mtu aliyewahi kukaa pale, kama yule mume wa ndala, anaogopa kupumua. Nikapiga moja.

"Ile ya ukutani," nikamwambia, kamera ikiwa bado usoni mwangu. "Ulipoifuta, uliitazama?"

"Niliitazama."

"Ukaona nini?"

"Picha mbaya." Hakubandua macho kwenye kamera, alidhani naendelea kupiga. "Mtu amesimama, hayupo."

"Alikuwepo. Alitafuta jiwe akasimama juu yake. Asiyekuwepo ni wewe, ulikuwa Tanga, na hiyo ndiyo sababu uliifuta."

Mchoraji akapapasa kitana mfukoni. "Imetoka?" akauliza. "Yangu imetoka vizuri?"

Niliitazama. Ilikuwa imetoka. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta, na sitadanganya, kilikaa hapo muda. Kilichonizuia si huruma. Nilimtazama Mzee Hoza na ile kofia mkononi, nikajua ni yeye atakayebeba, na alishabeba aibu moja kwa ajili yetu. Nikachomoa kadi, nikamwekea Mchoraji kwenye mfuko wa koti.

"Kaisafishe mwenyewe. Mimi naondoka."

"Unaondoka wapi?"

"Lushoto."

Mzee Hoza akacheka, "Huyu? Ataliacha pazia lake?" Nililiacha likining'inia. Nilikwenda chumbani, nikachukua begi, nikapata gari linaloteremka, na kabla ya saa tisa nilikuwa Mombo, joto limenivaa kama blanketi.

Pale stendi nilimpigia simu Eliza. Alipokea akiwa kazini, mashine zinanguruma nyuma yake. Nikamwambia haikupotea. Ilifutwa, nami nikiwa nimesimama hapo hapo, na nilimdanganya mama yake mwaka mzima, na yeye nikamdanganya siku ya msiba.



"Una roho mbaya, kaka," akasema. "Wewe na huyo mzee wako. Nyote."

"Ndiyo."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Sijui. Nimeshaondoka."

Nikasikia mlango, na mashine zikapungua. Ametoka nje. Alikuwa analia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilizijua zote mbili kwake.

"Alikuwa amekaaje?" akauliza.

"Alisimama."

"Alisimamaje? Sema yote. Alivaa nini?"

"Gauni la bluu, lenye kola nyeupe. Kilemba. Mkoba kwenye mkono wa kushoto."

"Mdomo?"

"Aliufunga."

Akavuta pumzi. Malori yalikuwa yanapita kuelekea Moshi, nikaziba sikio la pili kwa kidole ili nimsikie.

"Sema tena," akasema. "Anzia viatuni. Sema polepole."